Hita ya Nicanor

Januari nzima mwaka huu, kaka yangu Nicanor aliendesha lori hapa Mombasa hita ikiwa imewashwa.

Ndiyo, hita. Ile ya kupashia watu joto.

Lori lenyewe kuukuu, lilikuja kutoka nchi za baridi likiwa limeshachoka. Ukipanda naye unashuka umelowa kama mtu aliyevuka Likoni kwa kuogelea.

"Nico, zima hicho kitu."

"Ni dawa ya injini. Joto likija kwenu, injini inapoa."

"Na sisi je?"

"Nyinyi hamna rejeta."

Mwishoni mwa Februari homa ilimchukua kwa siku tatu tu.

Hata nguo ya kumzikia ilitushinda. Alikuwa akisema siku zote, nusu mzaha, azikwe na shati lake jekundu la kwaya. Tukapekua nyumba nzima. Hakuna shati. Tukamzika kwetu Bungoma na suti ya binamu, mikono imeishia karibu na viwiko.

Uchungu ukanizidi. Nikamuuliza mkewe, Awino, mbele ya waombolezaji: "Shati la kaka yangu umempa nani?"

Akainuka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Nico aliacha ahadi moja. Bi Maisara wa Kibokoni alikuwa anamwoza bintiye Shifa, na Nico alimwahidi kubeba kitanda cha harusi kutoka kwa seremala wa Changamwe.

Siku yenyewe ilikuja wiki tatu baada ya mazishi. Kitanda kilitakiwa kifike kabla ya alasiri, maana wanawake wa upande wa bwana harusi wangekuja kukitazama chumba. Wakikuta chumba kitupu, Shifa angesimangwa mpaka apate wajukuu.

Nikasema ahadi ya Nico nitaitimiza mimi.

Jambo la kwanza, nikazima hita na kuifunga swichi yake kwa waya.

Ngala, dereva aliyekuwa mwenzake Nico, akakuna kichwa. "Dada Nekesa, marehemu hakuwa akiizima hii."

"Marehemu hakai na Bi Maisara aliyejipamba."

Na kweli alijipamba, amekuja mwenyewe kukisindikiza kitanda. Hina mpaka kwenye viwiko, wanja, asumini kichwani, udi unanukia lori zima. Alikaa katikati yetu kama yeye ndiye anayeolewa.

Tulipofika Kibarani, lori likachemka.

Mvuke ulitoka kwenye boneti mpaka mwendesha bodaboda akasimama kuuliza kama tunauza chai.

Tukangoja lipoe, tukaongeza maji. Tukasonga kidogo. Likachemka tena. Saa nane na nusu ilikuwa imepita, na kitanda cha watu kiko juu, kimefungwa kamba, kinaota jua.

"Dawa ni ile ile," Ngala akasema akiitazama swichi.

Nikaona aibu. "Bi Maisara, tukiiwasha utaharibika."

Akafikiri. "Iwasheni. Afadhali niive mimi kuliko kitanda cha mwanangu kulala Kibarani."

Nikakata waya.

Sijui niwaelezeje. Jua la Machi nje, hita ndani, udi katikati. Pale Makupa wanja ulianza safari. Tulipofika Mwembe Tayari ulikuwa umefika kidevuni. Asumini zilinyauka moja moja.

"Ngala, mwanangu," alisema kwa upole, "nimejifukiza udi asubuhi. Sasa naona nafukizwa mimi."

Lakini mshale wa joto ulishuka. Lori likatembea.

Tukafika Kibokoni, vijana wakakibeba kitanda vichochoroni, na adhana ya alasiri ikaanza kikiwa kinaingizwa mlangoni.

Wale wanawake walikuwa wanafika. Wakamwona Bi Maisara, uso umelowa, wanja mashavuni.

"Masikini, analilia mwanawe," mmoja akasema.

Wakamkumbatia. Wakaanza kulia nao. Bi Maisara akatazama huku na huku, akaona isiwe taabu, akalia pia.

Niliporudi kwenye lori, Ngala alikuwa amefungua wavu wa mbele auoshe.

"Dada, njoo uone. Kuna tambara limeziba rejeta, hewa ya kupoza injini haipiti."

Lilikuwa jekundu. Limekauka kama papa, limejaa vipepeo wafu. Nikalikunjua. Mfukoni palishonwa herufi: N.W., Kwaya.

Nilikaa chini pale pale barabarani.

Kisha nikampigia Awino. Akapokea.

"Awino, shati limepatikana."

"Lilikuwa wapi?"

"Mbele ya rejeta."

Nikasikia akivuta pumzi. "Asubuhi ya Krismasi lilikuwa bichi. Akaniambia litakauka kwenye lori. Nikajua anatania. Jioni nikamuuliza, akasema liko mahali."

Liko mahali. Miezi miwili alitupika sisi kwa hita kwa sababu ya shati lake mwenyewe, na alishasahau alikoliweka.

Awino ndiye aliyeanza kucheka. Tulicheka mpaka tukalia, na safari hii tulilia pamoja.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Lilete nilifue," akasema. "Na usilianike kwenye gari."

Siku hizi lori halichemki. Ila tukipita Kibarani, Ngala huwasha hita dakika moja, na hakuna anayelalamika.

Nawe unayesoma, kabla hujamuuliza mtu mbele ya watu kitu kimekwenda wapi, fungua boneti kwanza.