Kiwanja Kitupu cha Bi Batuli

Siku Musembi alipofika mtaa wa Barani kutafuta pahali pa kusimamisha mahema, mwaka wa themanini na nne, alimkuta Bi Batuli amekaa kizingitini anasuka ukili wa mkeka. Kiwanja cha mbele ya nyumba yake kilikuwa kimefagiwa vizuri, mchanga bado una mistari ya ufagio. Musembi alikipima kwa hatua, arubaini kwa thelathini, kabla hajamwamkia mtu. Hapo alikosea.

"Umekwisha pima, sasa waja kuuliza?" Bi Batuli alisema bila kuinua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huko kwenu Ukambani watu hutanguliza miguu, mdomo ukafuata?"

Musembi alicheka. Mtu anayekutania bado hajakufukuza. Alikuwa na mahema matatu na mbao za jukwaa za kukodisha arusini, lakini hakuwa na pa kuyaweka. Baraza la mji halikutoa kibali bila barua ya mwenye kiwanja au mtunzaji wake. Polisi nao walitaka kwanza kibali cha baraza, na afisa wa tarafa alitaka karatasi zote mbili. Asiye na barua ile ya kwanza hakuwa na pa kuanzia.

Bi Batuli alimweleza habari zake kwa ufupi, kama mtu anayetaja bei. Alitoka visiwa vya kaskazini mwaka wa sitini na tano, vurugu za mashifta zilipowahamisha, yeye na mumewe na sufuria moja. Waliambiwa kwamba mwenye ardhi yuko Mombasa wala hamsumbui mtu. Wakajenga. Mume akafa, yeye akabaki. Nyumba ilikuwa yake, ardhi haikuwa yake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa nusu ya mtaa.

"Wataka kiwanja, chukua," alisema. "Pesa nitazila ziishe. Nipe turubai nifunike nyumba, makuti yameoza."

Musembi alikuwa na turubai moja lililochanika ubavuni, ambalo hakuna bibi harusi angekubali kukaa chini yake. Akalileta kwa mbwembwe kama jipya. Bi Batuli aliligeuza, akatia kidole penye tundu.

"Kwa tundu hili, uongeze sinia ya pilau kila arusi."

Wakakubaliana.

Ikabaki barua. Karani wa baraza, Kamande, alikuwa mtu wa kufuata kanuni. "Kama kuna mtu anaishi ndani ya kiwanja," alisema, "lazima afisa wa afya aje, aone choo, apime umbali wa moto. Hesabu miezi miwili."

Arusi ya kwanza ilikuwa baada ya siku tisa, na Musembi alishapokea kazi. Akaenda kwa mpiga taipu, akasema maneno mwenyewe: kiwanja ni kitupu, hakina mkazi wala jengo la kudumu, vyote vilivyomo ni vya muda. Kamande alipokuja kukagua, alisimama kivulini barabarani kukwepa jua, akahesabu mahema. Nyumba ya Bi Batuli ilikuwa imefunikwa turubai mpaka chini ya dirisha.

"Manne," Kamande alisema, akaandika.

Musembi hakumsahihisha.

Bi Batuli hakujua kusoma herufi za kizungu, lakini alikuwa amesoma chuo cha Kurani utotoni, na jina lake alilitia kwa herufi za Kiarabu, polepole, hati nzuri ambayo hakuna mwingine mtaani angeweza kuiiga.

"Yasema nini barua?"

"Yasema nimeruhusiwa kuweka mahema."

Ulikuwa ukweli uliokatwa kichwa.

Barua ile ikawa kigezo. Katika miaka minne Bi Batuli alitia sahihi barua ishirini na tatu za namna hiyo, kwa arusi, kwa harambee za shule, hata kwa mikutano ya injili. "Hao wako wa haleluya," alimwambia Musembi, "na waimbe, Mungu ni mmoja. Ila wasikojoe nyuma ya jiko langu." Nakala zote zilibaki ofisini, zimepigwa muhuri. Bi Batuli alijivunia mihuri hiyo. Mtaani alisema serikali yenyewe haiweki jukwaa pale bila kumwomba.

Mwaka wa themanini na nane akaja Aboud, wakala wa mwenye ardhi, na mpima viwanja. Ardhi imeuzwa, utajengwa ukuta. Majirani walilia. Bi Batuli alivaa buibui akaenda kwa wakili, na wakili akamwambia jambo ambalo wengi hawakulijua: aliyekaa mahali miaka kumi na miwili waziwazi, bila kufukuzwa, aweza kudai mahakamani asiondolewe. Yeye alikuwa na ishirini na mitatu. Kilichotakiwa ni ushahidi.

"Ushahidi uko barazani," alimwambia Musembi, na uso wake ulikuwa umekunjuka. "Nenda kaniletee, mwanangu. Barua zina jina langu na muhuri."

Musembi alisema ataenda. Siku tatu hakwenda. Aboud alikwenda siku ya kwanza.

Walikutana wote kwa wakili. Aboud aliweka nakala mezani, zimefungwa kwa kamba, na wakili akasoma ya juu kwa sauti. Akasoma ya pili. Ya tatu hakuisoma.

"Sahihi ni yako, mama?"

"Ni yangu." Bi Batuli alimgeukia Musembi. "Nimesema kwamba sikai kwangu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Wakili alisema pamebaki njia moja tu, Musembi aape kwamba aliandika uongo. Musembi aliuliza akiapa itakuwaje. Leseni itakwenda, wakili alimjibu, na huenda akashtakiwa. Disemba ilikuwa karibu, na alikuwa na kazi kumi na moja.

"Siwezi kuapa, mama. Lakini naweza kukusemea."

"Nisemee basi," Bi Batuli alisema. "Ndiyo kazi yako."

Musembi alipatana bei na Aboud tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakuwahi kupatana vizuri kama siku ile. Nyumba haikulipiwa, kwa kuwa kwa maandishi haikuwapo. Lakini nyuma yake kulikuwa na minazi miwili ambayo barua hazikuitaja, na mnazi hakuna awezaye kuuita kitu cha muda. Minazi ikalipwa, tena kwa bei ya juu, na Bi Batuli akapewa miezi miwili abomoe mwenyewe, aondoke na boriti zake na mlango.

Alihamia Sabaki, uani kwa Harusi, binti wa dada yake. Musembi alibaki na leseni, akamaliza kazi za Disemba kwa kukodi viwanja vya watu kwa bei iliyomlia faida. Mwaka uliofuata alipata harambee kubwa huko Sabaki, na uwanja uliofaa ulikuwa mbele ya nyumba ya Harusi. Alikwenda na barua. Bi Batuli alikuwa amekaa uani na ukili wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akamwambia Harusi, "Usitie sahihi."

Harusi hakutia. Harambee ikachukuliwa na mtu mwingine, na baada yake kazi zote za Sabaki.