Krismasi Niliyopanda Ndege Kwenda Mbeya

Dada yangu alikuwa ameolewa Mbeya na bwana mmoja afisa wa serikali. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Iringa. Krismasi ya kwanza baada ya harusi yake nilimfuata kwa basi. Nilifika nimechakaa, vumbi hadi kwenye nyusi, na kuku wa mama mkononi. Sebuleni kulikuwa na wageni, wake za maafisa wenzake na shemeji. Mmoja akauliza, "Huyu nani?"

Dada alijibu bila hata kunitazama. "Binti wa kutusaidia kazi. Ametoka huko Kilolo."

Nikapelekwa jikoni. Siku nne nilikaanga maandazi na kuosha vikombe vya wageni, na humo jikoni nikasikia kwamba dada alikuwa amewaambia wenzake yeye ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Kilolo alikozaliwa, na mama yetu anayelima huko, alikuwa amewafuta. Niliondoka bila kumwambia neno. Lakini ndani ya basi, njia nzima, nilikuwa natunga maneno.

Mwaka mzima nilipanga safari ya kurudi Mbeya kama mtu anayepanga harusi. Siku zile kindege kidogo kilikuwa kikitua Iringa kisha Mbeya, na waliopanda walikuwa wakubwa na wageni wa kizungu. Nikaamua na mimi nitapanda. Nilijinyima nguo, nikajinyima viatu, hadi tiketi ikapatikana. Nikaulizia ratiba zote za sikukuu Mbeya: kwaya zitaimba lini, dansi ya siku ya pili ya Krismasi itakuwa ukumbi gani. Nikamwandikia rafiki yangu niliyesoma naye, nesi aliyekuwa na chumba mtaa wa Soweto, hapo hapo Mbeya, kwamba nitalala kwake. Mwisho nikamwandikia dada sentensi moja tu, kwamba nakuja kwa ndege, na siku ya kufika.

Jibu lilikuja haraka ajabu. "Mdogo wangu mpenzi," ndivyo lilivyoanza. Hakuwahi kuniita hivyo maishani. Aliandika kwamba atakuja uwanjani kunipokea pamoja na marafiki zake. Niliisoma barua ile nikicheka peke yangu, na wenzangu ofisini wakadhani nimepata mchumba.

Asubuhi ya safari kulikuwa na mawingu mazito. Tulipimwa kwenye mzani, sisi na mizigo yetu, kisha tukaketi kwenye benchi kungoja. Rubani akasema huenda tusiruke. Nikaomba Mungu awashe jua, ingawa nilijua nia yangu haikuwa ya kuombewa. Karibu na saa sita mawingu yakafunguka, tukaruka. Kile kindege kilitikisika juu ya milima, bwana aliyekaa karibu nami akatapika ndani ya kofia yake. Mimi sikuogopa. Hasira ilikuwa imejaa, hofu haikupata pa kukaa.

Dada alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja na wanawake watatu, kavaa glavu nyeupe. Nilishuka na gauni langu zuri, na kikapu cha nyasi za milulu alichosuka mama begani. Akanifungulia mikono. "Jamani, huyu ndiye mdogo wangu."

Nikapiga goti mbele yake. "Shikamoo, mama."

Mikono yake ikabaki hewani. Mwanamke mmoja akanikazia macho. "Mbona namfahamu? Si ndiye yule binti wako wa kazi?"

"Ndiye mimi," nikasema. Nikasimama, nikamgeukia dada, nikamsalimu kwa salamu ya kwetu ya Kihehe, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye ndege: "Kamwene, dada. Mama anakusalimu kutoka Kilolo. Anauliza, utaenda lini kumwona, au umesahau nyumba ulimozaliwa?"

Mmoja wa wale wanawake aliinamisha kichwa. Dada alivua glavu moja, akaivaa tena. Nikawaaga kwa adabu zote, nikatembea kuelekea Soweto.

Siku ya pili ya Krismasi shemeji alinifuata kule ukumbini. "Shemeji, twende nyumbani. Dada yako analia tangu juzi."

"Mwambie nimemsikia," nikamjibu, nikarudi kucheza. Nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, na sikumbuki kufurahi vile tena.

Pasaka iliyofuata, nikiwa likizo kwa mama, dada alikuja Kilolo, mara ya kwanza tangu aolewe. Mama alilia kwa furaha, akasema Mungu amemkumbuka. Sikumweleza ni nani aliyemkumbusha. Dada na mimi hatukusemezana. Asubuhi, baridi ikiwa kali na ukungu umeshika migomba, mama aliniambia nimpelekee mgeni maji ya kuoga, yameshachemka jikoni.

Nikampelekea ya mtungini.