Wimbo Alioimba kwa Sauti Iliyobaki

Siamini bado, na nimechoka kiasi kwamba hata kulia nimeahirisha.

Aikaeli, rafiki yangu kwa miaka kumi na moja, amefariki Jumanne asubuhi nyumbani kwa mama yake, hapa Sekei, Arusha. Wengi wenu mlimjua kama Aika wa kwaya. Mimi nilimjua kwanza kama Aika wa meza ya pili, ofisini.

Tulikuwa reservations, upande wa kuwapangia wageni safari, kwenye kampuni moja ndogo ya utalii mjini. Yeye ndiye aliyepokea simu. Wageni wakitua Arusha walikuwa wanauliza, "Yule dada wa kwenye simu yuko wapi?" Alikuwa na sauti ya namna hiyo.

Kanisani, kwenye kwaya tuliyoimba wote, ndiyo usiseme. Akianza kuimba, hata wazee waliokuwa wanasinzia walikaa sawa.

Halafu ukaja uvimbe shingoni. Daktari alimweleza kabla ya upasuaji kwamba sauti inaweza isirudi ilivyokuwa. Akasaini. Alitoka na kovu, na sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyepiga kelele siku nzima.

Siku ya kwanza aliporudi kazini, mteja alimwambia, "Samahani kaka, naomba kuongea na Aika." Akajibu, "Ametoka kidogo," akakata simu. Mchana ule akaomba ahamishiwe kwenye email.

Kwaya aliacha. Mwaka mzima alikaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani.

Siku moja tukiwa tunakula chakula cha mchana akaniambia, "Unajua kinachonichosha? Sauti imeondoka lakini wito umebaki. Sasa niufanyie nini?" Nikamsogezea chumvi.

Baadaye akaandika wimbo, nyuma ya karatasi ya itinerary, ile ratiba ya wageni waliofuta safari. Wengine mnao kwenye simu zenu:

"Uliyeniita, unajua nilipovunjika.
Sitangoja nipone ndipo niitike.
Nitaitika hivi hivi."

Akampelekea mwalimu wa kwaya, akasema ataongoza mwenyewe. Mwalimu akanitazama mimi. Nikamvuta Aika nje.

"Shosti, mpe mwingine aimbe. Watu watakuonea huruma."

"Watu, au wewe?"

"Mimi nakulinda."

"Hunilindi. Unanionea aibu."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana niliumia. Wiki nzima tulikaa meza mbili zilizopakana tukiandikiana email rasmi za "Kindly find attached" kama watu wasiojuana.

Jumapili iliyofuata kwaya ilialikwa Nduruma, kwenye kanisa dogo ambalo kuta zake hazijapigwa lipu. Upepo ulikuwa unaingiza vumbi la mashambani hadi madhabahuni. Aika akasimama mbele.

Ubeti wa kwanza aliufikisha. Wa pili, sauti ikakatika katikati ya neno. Akabaki pale mdomo wazi, mishipa ya shingo imetoka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Mwalimu akazima kinanda. Akatuonyesha kwa mkono tushushe sauti. Aika akavuta pumzi, akaendelea kwa kile kisauti cha kukwaruza, nasi tukaimba chini yake, taratibu, ili asikike. Alimaliza beti zote nne.

Baada ya ibada akaja mama mmoja mtu mzima, anajikongoja. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea kwa kiharusi.

"Shikamoo, mama," Aika alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Maneno yalitoka kwa shida. "Mimi ndiye nilikuwa naongoza maombi ya akina mama hapa. Tangu niugue sijafungua mdomo mbele ya watu. Leo naomba nikuombee."

Aika akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Yule mama akaomba. Maneno mengine hatukuyaelewa kabisa, lakini hakuna aliyemharakisha. Mimi nililia mpaka kola ya joho la kwaya ikalowa.

Kwenye gari wakati wa kurudi nikamwambia, "Aika, nisamehe."

"Nilishakusamehe tangu Jumatano," akasema. "Nilikuwa nafurahia tu ukimya."

Tangu siku ile alikwenda Nduruma kila mwezi kukaa na wale akina mama. Alirudi amechoka, viatu vyeupe kwa vumbi. Aliniambia mwenyewe kwamba furaha ile hakuwahi kuipata enzi za sauti yake nzuri.

Mwaka huu ugonjwa ukarudi, safari hii kwenye mapafu. Miezi mitano mama yake na mimi tumepokezana. Nimepika mtori wa ndizi akaumeza vijiko vitatu. Nimebadilisha mashuka. Nimeomba apone, halafu nikachoka kuomba, nikawa nakaa tu pembeni yake. Naliandika hili kwa ajili ya yeyote anayeuguza mtu na amechoka. Mimi pia nimechoka.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama ana hasira na Mungu.

"Kuna siku ninakuwa nayo. Lakini namkasirikia mtu ninayemjua."

Jumanne niliingia na uji. Mama yake alikuwa amemshika mkono. "Usimwamshe," akaniambia. "Ameenda."

Kesho tunampeleka kwao Machame kumzika.

Aika, gauni lako la bluu nimelipiga pasi mwenyewe. Mama leo amekula kidogo, usiwe na wasiwasi, nitakuwa naye. Akina mama wa Nduruma wamepiga simu, wanakuja na gari la kukodi.

Wewe huna tena dawa ya saa mbili. Huna kikohozi, huna pa kuripoti asubuhi. Mimi nitaamka mapema kwa ajili yetu wote wawili. Wewe lala, rafiki yangu. Lala vizuri.