Bibi Kitunguu wa Duka la Dawa

Shangazi yangu ni fundi wa makochi. Ukiingia karakana yake nyuma ya nyumba, utamkuta amepiga magoti mbele ya kiti kilichovuliwa kitambaa chote, misumari midogo imejaa mdomoni, na bado anazungumza. Wateja wapya humwogopa. Sisi tuliomzoea tunajua kwamba misumari haijawahi kumzuia kusema neno.

Mkasa ulianza na goti. Goti la kulia lilipoanza kumsumbua alikwenda duka la dawa la mtaani, akapewa dawa ya kuchua, akaombwa jina, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. "Ya kumbukumbu tu," kijana wa kaunta alimwambia. Akatoa vyote bila hiyana. Haikupita wiki, simu ikalia. Mwanamume asiyemjua akamtaja kwa majina yake yote, hata la babu, kisha akauliza kwa sauti ya asali, "Goti linaendeleaje, mama?"

Shangazi akatema misumari. "Wewe nani? Na goti langu mmejuana wapi?"

Alikuwa anauza soksi za magoti. Baada yake akapiga wa magongo ya kutembelea, na baada ya huyo akapiga wa bima ya mazishi. Kwa huyo wa mwisho shangazi alilegeza sauti, akasema, "Umechelewa, mwanangu. Huyo unayemtafuta tulimzika jana." Yule bwana akatoa pole nyingi, kisha akauliza kama marehemu ameacha mume.

Mimi nafanya kazi katika duka la kutengeneza simu, kwa hiyo niliitwa kama daktari wa dharura. Nikamweleza kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kununua na kuuza taarifa za wengine: jina, namba, umri, ugonjwa, unachopenda kununua.

"Madalali?"

"Madalali hasa."

"Dalali wa nyumba namjua. Dalali wa magari namjua. Wa magoti ndiyo namsikia leo." Akataka nimwambie nani amemuuza. Nikamjibu kwamba haiwezekani kujua, maana jina lilelile amelitoa kila duka, na habari za goti pia. Labda, nikaongeza kwa mzaha, kila duka lingepewa jina lake, ili siku jina likirudi ajue limetoka wapi.

Mzaha huo ulikuwa sawa na kumwonyesha paka njia ya jikoni. Nilipoona macho yake yanang'aa nikamwonya haraka: benki, hospitali na ofisi za serikali asithubutu. Akaahidi. Kwingine kote akajimwaga. Duka la vitambaa akawa Bibi Pazia. Supamaketi akawa Mama Sufuria. Kwenye duka la mtandaoni la vifaa vya ujenzi akajiandikisha Bwana Msumari. Akarudi hata duka la dawa, akasema jina lake lilikosewa. Yeye anaitwa Bibi Kitunguu.

"Kitunguu?" kijana wa kaunta akauliza. "La ukoo?"

"La ukoo. Likikusumbua, lia."

Kila jina alilipatia siku yake ya kuzaliwa, basi ikawa karibu kila mwezi simu inampongeza kwa kutimiza umri. Mume wake, mtu mpole wa maneno machache, hakuwa ameambiwa kitu. Mchana mmoja akafungua mlango, akamkuta kijana wa pikipiki na boksi mkononi.

"Mzigo wa Bwana Msumari."

"Hapa hakuna Msumari."

"Namba yake ndiyo hii."

Mzee akaisoma namba ile. Ilikuwa ya mke wake. Akaisoma tena, polepole, na masikio yakaanza kumwiva. Shangazi akatokea akichechemea, akalipokea boksi. "Huyo ni mimi, baba watoto. Na Bibi Pazia ni mimi, na Mama Sufuria."

Mzee akajikalisha kwenye ngazi. "Miaka yote hii," akasema, "kumbe nimeoa ukoo mzima."

Aliyecheka kuliko wote ni mama yangu, wifi yake. Mama ni mtu wa bahati nasibu. Akiona nafasi ya kujaza jina, anajaza, hata kama zawadi ni ndoo. "Wifi, unajihangaisha bure," alimwambia. "Watu kama sisi tuna nini cha kuibiwa?"

Asubuhi moja, shangazi akiwa anavuta kitambaa cha kiti cha mwalimu mmoja mstaafu, ujumbe ukaingia. *Mpendwa Bibi Kitunguu, akaunti yako ya benki imefungwa. Bonyeza hapa, uweke namba yako ya siri.* Alicheka hadi akashika mbavu. Kitunguu hana akaunti, Kitunguu hana hata shuka! Kisha kicheko kikakatika. Mama yangu hununua dawa zake za presha duka lilelile. Akampigia.

"Wifi, umepata ujumbe wa benki?"

"Ninao hapa. Nimeshaandika tarakimu mbili."

"Ondoa kidole!"

"Lakini wananijua, wifi. Wameandika majina yangu yote, na jina la dawa yangu."

"Ndiyo maana nakwambia uondoe kidole!"

Hakukiamini kidole kile. Alifika kwetu akichechemea na kukimbia kwa wakati mmoja, akaichukua simu ya mama, akaikalia. Nilipofika niliwakuta hivyo, mmoja amekalia simu na mwingine amekunja uso. Tukapiga simu benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, tukabadilisha namba ya siri. Hakuna kilichokuwa kimechukuliwa. Siku hiyo mama hakumcheka mtu.

Kutoka hapo tukaenda duka la dawa. Meneja, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, akatupokea kwa maneno ya kukariri: taarifa za wateja wao ziko salama kabisa.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "jina la Kitunguu nimelitaja mahali pamoja tu duniani. Ni hapa."

Mzee mmoja kwenye foleni akatoa simu yake. Ujumbe uleule. Mama mwenye mtoto mgongoni akatoa yake. Meneja akatutazama mmoja mmoja, kisha mabega yakamshuka. Mfumo wao ulikuwa umevamiwa na wezi wa mtandaoni, akasema, na mwenye duka aliwaamuru wanyamaze, yatapita. Kuhusu simu za goti, hazikuwa za wezi: mwenye duka alikuwa akiiuza orodha ya wateja kwa hiari yake.

"Upele ndio unaopita," shangazi akasema. "Hawa wanaingia benki za watu. Waambie wateja wako leo."

"Nitafukuzwa kazi."

Niliona neno hilo linamkaa shangazi vibaya. Lakini meneja alikwishaanza kuandika. Kabla ya jioni kila mteja alipata onyo, na tangazo likabandikwa mlangoni. Kitunguu alifutwa, na jina la kweli pia. Meneja hakufukuzwa, aliondoka mwenyewe mwezi uliofuata, akafungua duka lake.

Shangazi akawa shujaa wa mtaa, na ushujaa ulimkaa vizuri mno. Alikuwa anausimulia kwa mara nyingine tena pale yule mwalimu mstaafu alipokuja kuchukua kiti chake. Mwalimu akasikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Hongera," akasema. "Jina lako umelifuta. Sebule yangu utaifuta lini?"

Ukurasa wa biashara wa shangazi mtandaoni ulikuwa umejaa picha za makochi aliyorudisha kwa wenyewe. Tukaufungua. Kochi la mwalimu, alilomtengenezea kabla ya kiti hiki, lilikuwepo, kweli, na nyuma yake televisheni, picha za wajukuu wakiwa na sare za shule, na dirisha lisilo na nondo. Chini shangazi alikuwa ameandika: *Asante Mwalimu, nyumba ya geti la kijani nyuma ya kituo cha mafuta.*

Misumari ilikuwa mdomoni, ila maneno hayakutoka.

Tulikaa tukifuta, sebule baada ya sebule. Wengine aliwapigia simu kuwaomba radhi, na haikuwa kazi aliyoipenda. Kisha akakivuta kiti cha mwalimu mbele ya ukuta mtupu wa karakana, akamgeukia.

"Naomba ruhusa nikipige picha. Kiti peke yake, bila jina."

Mwalimu akafikiri. Akasema kiti ameruhusu, lakini ule mto wake wa zamani wenye doa la chai ugeuzwe kwanza.