Kigelegele Kilichomo Kwenye Kanda

Binti yangu akipaka rangi ya kucha, harufu yake hunirudisha kwenye kanda yetu ya taarabu. Waimbaji wanawake walikuwa wakizunguka miji ya pwani, na onyesho lao la Malindi likarekodiwa palepale ukumbini. Mwisho wa wimbo mmoja mama yetu, aliyekuwa kati ya watazamaji, anasikika akipiga kigelegele. Alipofariki, hatukubaki na sauti yake nyingine.

Siku moja redio iliitafuna kanda, kabla kidogo ya kile kigelegele. Nikachukua wembe, na rangi ya kucha ya kuungia.

"Dada, usimkate mama!" kitindamimba wetu akalia.

"Nyamaza. Nakata wimbo."

Nilipomaliza tukasikiliza. Mwimbaji alikatika katikati ya neno, kigelegele kikaja kizima.

"Mama kamkatiza," kitindamimba akasema, akacheka.