Mwali Aliyepitwa

Nilipokuwa mtoto uso wangu haukuwa mali yangu. Ulikuwa wa bibi mzaa mama, aliyeupaka mafuta ya nyonyo kila asubuhi kwa kiganja kigumu kama ganda la fenesi. Alianzia kwenye paji, akashuka mashavuni, akamalizia masikioni, ambako alinipinda kama mtu anayefunga bomba. Kisha alinisukuma nje niende shule, na Kinole nzima, kijiji chetu cha mlimani, ikajua mjukuu wake anakuja, maana nilinuka kabla sijaonekana.

Mafuta hayo aliyatengeneza mwenyewe. Alikaanga mbegu za nyonyo mpaka zikawa nyeusi, akazitwanga, akazichemsha, akaengua kwa upawa mafuta yaliyoelea juu. Halafu alitia vipande vya mdalasini kutoka kwenye mti uliokuwa nyuma ya choo. Kazi ya mdalasini ilikuwa kuyapa harufu nzuri. Ulijitahidi, maskini.

Leo mimi ni mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kusomea na ndevu chache kidevuni ambazo tumekubaliana, mimi na kibanio, kwamba hazipo. Nimefanya ukalimani katika miji ya watu mpaka nimesahau mingine inakaa upande gani wa ramani. Kila nilikofika nimenunua kikopo cha kujipaka: Lusaka, Muscat, Guangzhou, Rotterdam. Ningevitoa vyote kwa kidole kimoja cha yale mafuta niliyokuwa nikiyafuta kwa kola ya shati mara tu nikishuka bondeni, bibi asinione.

Miaka hiyo ya mwanzo sabuni ilikuwa habari. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Wenye bahati walijipaka mafuta ya kupikia, wakang'aa, na nzi wakawasindikiza kanisani na msikitini bila ubaguzi. Halafu ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, mizigo ikaingia, na maduka ya Morogoro mjini ambayo yalikuwa yakiuza rafu tupu yakajaa mpaka bidhaa zikamwagikia barabarani. Mama yangu alikuwa mmoja wa waliozidaka. Alipoachana na baba alishuka mjini na kutandika meza sokoni: poda, wanja, rangi ya mdomo, krimu za kila kopo.

Mimi alinibakiza mlimani. Kila lori la ndizi lilipopanda kuchukua mzigo lilileta kitu kutoka kwake, kitana au kipande cha sabuni yenye harufu, lakini yeye mwenyewe hakupanda. Mwanzoni alisema atakuja mvua zikikatika. Kisha mvua zilikatika mara nyingi. Sura yake nikaanza kuisahau kwa vipande, kwanza pua, halafu jinsi anavyocheka. Kitu kilichobaki kamili ni mkono wake wa kulia, wenye vifundo vyeusi na kidole cha mwisho kilichopinda. Alikibana kwenye mlango akiwa msichana, na alikuwa akikitumia kunikuna mgongoni.

Nilipovunja ungo nikawekwa ndani. Kwa mila zetu msichana akifikia hapo huitwa mwali. Hufichwa asionane na jua wala wanaume, akafundwa, halafu hutolewa kwa ngoma. Zamani mwali alikaa ndani mpaka ngozi yake ikawa laini kama ndizi iliyomenywa. Sisi tulikuwa na shule, kwa hiyo tulipewa likizo moja tu, tukatoka tukiwa tumeiva nusu. Niliwekwa pamoja na Zena, mtoto wa mama mkubwa, ambaye nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya kijito. Mambo tuliyofundishwa siwezi kuyaandika, mengine kwa sababu ni siri, mengine kwa sababu nilisinzia.

Siku moja dereva wa lori alileta kifurushi na maneno. Kifurushi kilikuwa na kopo la krimu na kijaluba cha poda chenye sifongo. Maneno yalikuwa haya: mama atakuja siku ya kutolewa kwangu, na hivi vitu nijipake nipendeze.

Nilifungua kopo. Harufu ilitoka kama maua ambayo hayajawahi kuota mahali popote. Nikajua hivyo ndivyo mama anavyonuka sasa. Nililala na kopo chini ya shavu, na kichwani nikapanga kila kitu: nitatolewa, ataniona nimekuwa msichana wa mjini tayari, ataona hakuna sababu ya kuniacha tena, atasema, "Funga mzigo, tunashuka wote." Sikutaka kitu kingine duniani.

Bibi alilinusa kopo, akalirudisha kwa ncha za vidole.

"Hili kaweke kule."

"Bibi, kaleta mama mwenyewe."

"Mimi sijauliza nani kaleta. Nasema mwali hapakwi duka. Mama yako nilimtoa kwa mafuta haya haya, na mimi nilitolewa kwa mafuta haya haya. Siku ile mtafunikwa kanga gubigubi, wewe na mwenzio. Mama yako atakuja kunusa, achukue wake. Ukinuka duka, aliyekuzaa atakupita."

"Akinipita je?"

"Mwali aliyepitwa na mama yake hatulii, mke mwenzangu. Atazunguka nchi za watu akigonga milango."

Sijui kama Waluguru wote waliamini hivyo au ni bibi yangu peke yake. Nimewauliza wazee wengine. Wapo waliotikisa kichwa kukubali na wapo waliotaka kujua bibi huyo alikuwa wa ukoo gani. Lakini aliyasema kwa sauti ile aliyotumia kueleza kwamba moto unaunguza, na Zena alinishika mkono.

Asubuhi ya kutolewa ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Bibi alitupaka mafuta yake kuanzia utosini, akatoka kupokea wageni. Nilingoja nyayo zake ziishe uani. Nikachukua kanga kuukuu, nikajifuta uso, shingo, mikono, kila mahali palipofikika, nikapaka krimu ya mama, kisha poda juu yake. Poda ilikuwa ya waridi. Mimi ni mweusi wa udongo wa bondeni baada ya mvua.

Zena alinitazama, akaziba mdomo.

"Tatu jamani! Umekuwa kama samaki aliyepakwa unga anangoja kikaango."

"Wewe unajua nini? Mjini wote wako hivi."

"Basi mjini kuna njaa."

Walitufunika, tukatolewa nje na kukalishwa mkekani huku vigelegele vikipigwa. Ndani ya kanga niliona dunia kupitia nyuzi, kama mtu anayechungulia kwenye ungo. Niliwatafuta wageni mmoja mmoja. Mama yangu alikuwa mweusi kama mimi; hilo nililikumbuka hata baada ya pua kupotea. Nikamwona mama mkubwa, nikawaona majirani, nikaona mgeni mmoja mwenye uso wa rangi ya chungwa bivu na viatu vya kisigino vilivyokuwa vikizama kwenye udongo. Nikadhani ni mke wa bwana shamba. Nikaendelea kumtafuta mama. Hajaja. Mvua zimekatika tena, na hajaja.

Ndipo bibi akasema kwa sauti, "Mwenye mwali kutoka mbali na atangulie." Na yule mke wa bwana shamba akavua viatu.

Alikuja akapiga magoti mbele yangu. Akainama, akavuta pumzi. Mimi nilijaa maua yake mpaka machozi yalinitoka kwa poda. Nikangoja. Akavuta tena, kidogo, kama mtu anayetafuta kitu chumbani kwake mwenyewe. Sasa najua kwa nini hakusikia kitu. Alikuwa amekaa miaka ndani ya harufu ile, iko nguoni, iko kwenye mto, iko kwenye pochi. Muuza samaki hasikii shombo. Kwake sikuwa na harufu kabisa. Nilikuwa kanga iliyofunika hewa.

Akasogea kwa Zena. Alipomfikia tu, mabega yake yalianguka. Alimkumbatia akalia kwa sauti, "Mwanangu! Mwanangu wewe!"

"Mama mdogo," sauti ya Zena ikatoka ndani ya kanga, "mimi Zena. Wako huyo hapo, anayenuka kama wewe."

Uwanja ulipasuka. Watani, ambao kazi yao katika shughuli zetu ni kukusema pale unapotaka kufa kwa aibu, walishika mbavu.

"Mjini wanasahau hata walichozaa!"

"Mpeni mwingine ajaribu! Labda atachukua mbuzi!"

Maneno ya bibi yalikuwa yametimia juu ya kichwa changu, mchana kweupe, mbele ya watu. Kisha mkono ukaingia chini ya kanga yangu kuifunua, nami nikauona kabla sijaona uso. Krimu ilikuwa imefanya kazi yake kila mahali isipokuwa kwenye vifundo. Vifundo vilikuwa vimekataa, vyeusi vile vile, na kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

"Mama," nilisema kuuambia mkono.

Tulitazamana. Nadhani wanadamu wawili waliopakwa vibaya zaidi katika milima yote ya Uluguru siku ile walikuwa sisi, yeye wa chungwa, mimi wa waridi, na machozi yalikuwa yakichora barabara kwenye poda yangu mpaka udongo wangu ukaanza kuonekana chini yake.

"Nilijipaka ili ninuke kama wewe," nilimwambia.

Akafunika mdomo. "Na mimi nimepanda mlima wote huu," alisema polepole, "ninuse nyumbani."

Bibi hakutusema. Alikuja na kibuyu chake, akachovya ncha ya kanga, akanifuta uso taratibu, mashavu, masikio, safari hii bila kunipinda. Alipotaka kufunga kibuyu mama akashika mkono wake.

"Na mimi, mama. Nipake."

"Wewe mtu mzima."

"Nipake tu, mama."

Bibi akampaka. Watani walinyamaza, jambo ambalo sijaliona tena maishani.

Mama hakunichukua siku ile. Alikuwa amepanga chumba kimoja na wenzake, hapakuwa na pa kunilaza. Aliondoka na lori la ndizi, akiwa amekaa mbele na chupa ya mafuta ya bibi mapajani, na mimi nilisimama kwenye kona ya barabara mpaka vumbi likakaa. Alinileta mjini nilipomaliza shule ya msingi. Wakati huo rangi yake ilikuwa imerudi, taratibu, kuanzia kwenye vifundo kwenda juu.

Nilimkuta ameondoa mezani mkorogo wote, zile krimu za kuchubua ngozi. Wateja walimsema, wengine wakahama, lakini waliobaki aliwahudumia kama watoto wake. Poda aliwachagulia kwa kuilinganisha na shingo, tena nje kwenye jua, kwa sababu taa ya dukani ni mpambe wa muuzaji. Krimu mpya aliwapaka nyuma ya sikio kwanza, akawaambia, "Rudi kesho, isipokuwasha, nunua, na ununue kopo dogo." Kopo likiahidi weupe wa haraka, alisema, ujue linaahidi na mabaka. Na aliyebakiwa na hela kidogo alimshauri aache poda, anunue mafuta ya mgando, apake usoni, midomoni na kisiginoni, na abakize wanja tu kwa ajili ya furaha. Mpaka leo najipamba hivyo. Wenzangu wa kazini hudhani ni siri ya ghali.

Utabiri wa bibi je? Ulitimia, kama mnavyoona. Nimegonga milango mpaka vidole vimeota sugu. Nimekaa hoteli ambazo mswaki wangu haukupata muda wa kukauka. Wanasaikolojia wangesema nilipenda kusafiri. Mimi husema nilipitwa, na wenzangu hucheka, nami hucheka nao, kwa sababu ni rahisi kuliko kueleza kwamba katika kila duka la vipodozi nafungua makopo kwa ajili ya kunusa. Wauzaji huuliza natafuta nini. Nasema, kitu cha midomo mikavu.

Bibi alitangulia, na mama akamfuata. Kinole sikumkuta tena mtu anayekaanga nyonyo kwa namna ile. Ya madukani wameyachuja mpaka yamekuwa meupe, hayanuki kitu, na wanayauza kama dawa ya nywele. Mama alipokuwa kitandani, karibu na mwisho, nilimpaka hayo hayo. Akanusa kiganja chake kwa muda, akatabasamu kwa heshima, kama mtu aliyesalimiwa na mgeni.

Sasa nayapika mwenyewe, vibaya. Nilikata kipande cha mdalasini nyuma ya kile choo, ambacho kimeanguka lakini mti upo, na naunguza mbegu jikoni kwangu mpaka majirani wanafungua madirisha. Nimekaribia. Kuna siku nimekaribia sana. Kila ninaposafiri napaka tone moja nyuma ya sikio kabla sijaingia kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Wakaguzi hukunja pua, na abiria wa pembeni huomba kuhamishwa.

Waache wahame. Najua ninayemngoja hawezi kuja. Lakini kwetu mtu hunuswa kabla hajaonekana, na sitaki kupitwa mara ya pili.