Wajane Wawili wa Daktari Ajwang

Daktari Moreen Ajwang angeweza kuwa daktari wa upasuaji, na mama yake, aliyetoka Kisumu akavuka mpaka kuja kuuza vipuri huko Katwe, hakuchoka kumkumbusha. Mpasuaji anakata, anashona, anakwenda kula. Lakini Ajwang alipenda magonjwa ya kuambukiza, na humo akashika swali moja lililowachekesha wenzake: mtu aliyeanza dawa za virusi vya UKIMWI akiwa hoi kitandani, je, anaweza kufika uzeeni? Swali kama hilo halina njia ya mkato. Ukitaka kujua kama mtu atazeeka, huna budi uzeeke naye.

Basi akazeeka nao. Kwa karibu miaka ishirini, katika kliniki ndogo ya utafiti pale Kawempe, aliwapima watu wale wale damu, mifupa na moyo, akawauliza wamekula nini na nani kawaudhi. Makala yake yalisomwa ng'ambo, akaalikwa kwenye mikutano mikubwa, lakini kila aliporudi alipitia kliniki kwanza na mabegi yake, aone nani yupo na nani hayupo.

Kati yao, wanawake wawili walimuumiza kichwa kuliko virusi vyenyewe. Bibi Husnah na Nusura walikuwa wajane wa mzee mmoja Mnubi. Waliishi ua mmoja, wakapika jiko moja, na kila mmoja kwa wakati wake alimwapisha daktari kwamba mwenzake asijue. Husnah aliogopa kuambiwa ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani. Nusura naye aliogopa hivyo hivyo. Ajwang akampa mmoja Jumanne, mwingine Alhamisi. Siku moja ratiba ilipovurugika, mtaalamu wetu mwenye shahada tatu alimsukumia Nusura stoo, naye Nusura akakaa humo kati ya maboksi ya glavu mpaka Husnah alipoondoka.

Mwaka huu utafiti ukafika mwisho, kwa sababu nzuri tu: swali lilijibiwa. Walikuwa wamezeeka. Ilibaki kuwaita wote, kwa makundi ya siku mbili, waelezwe matokeo, wale pilau, waagane. Baada ya hapo kila mtu angechukua dawa kwenye kituo cha afya cha jirani, na wake wenza wa ua mmoja kituo chao ni kimoja. Ajwang alikosa raha. Wakigongana kule, mmoja angeweza kuhama ua ule kwa hasira, au kuacha dawa kwa aibu, afe. Na kiapo kilimziba mdomo.

Bibi Husnah alipokuja mara ya mwisho kutolewa damu, daktari alijaribu kwa mbali.

"Bibi, kituo kile kina watu wengi. Unaweza kukuta mtu unayemjua."

"Kama nani?"

"Mtu yeyote."

Bibi Husnah akacheka mpaka sindano ikangoja. "Dakitari, mtoto yangu, mdomo yako iko na kufuli, Mungu akubariki. Siku ya pilau nitakuja na Mama Huzaifa. Macho yangu imezeeka, yeye ndiye anashika mimi mkono kwa barabara."

Mama Huzaifa ndiye Nusura. Ajwang akakaza uso. "Siwezi kuzungumzia mtu mwingine, Bibi."

"Sikuulizi. Nakuambia."

Siku ya pilau wakafika kweli, wameshikana mikono. Nusura, ambaye zamu yake ilikuwa siku nyingine, alikuwa ameambiwa tu asindikize, na alipoona wanaingia lango lile, alisita. Hata hivyo alijikaza, akampa daktari mkono.

"Mimi naitwa Nusura. Nimesindikiza mwenzangu tu."

"Karibu, mama. Nimefurahi kukufahamu," Ajwang alisema, na moyo ukamuuma kwa huruma.

"Muache mchezo yenu," Bibi Husnah alisema. "Mama Huzaifa, mimi najua tangu matanga ya mzee."

Nusura alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Unajua? Na ukanyamaza?"

"Na wewe, yangu hujui?"

Nusura aliinama, akachezea ncha ya mtandio. "Najua," alisema mwishowe. "Zamani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungebeba vitu yako urudi Bombo kwa ndugu zako. Mimi ningebaki na nani?"

Bibi Husnah alimpapasa mwenzake bega, kisha shavu, kama anayehakikisha ni yeye. "Wallahi, hata mimi niliogopa hiyo hiyo," alisema. "Basi Jumatatu twende kituo, mimi na wewe. Tukae benchi moja. Anayetaka kuangalia aangalie."

Ajwang alikuwa ameshika karatasi za matokeo, tayari kwenda kuwasomea watu waliojaa ukumbini. Ghafla hakuyaona maandishi. Akalia mbele yao, mtu mzima na koti lake jeupe.

"Eh, dakitari," Bibi Husnah alisema, akigeuza uso kuifuata sauti ya kilio. "Unalia nini, na sisi tuko wazima?"